Kidonda kisichouma

Mmezoea kunisikia nikiwaletea habari za barabara iliyokatika, bei ya maharagi sokoni, au siku ya kugawa chakula. Leo habari inatoka nyumbani kwetu. Nimeomba ruhusa kwa mwenyewe, mama yangu mkubwa, yaani dada wa kwanza wa mama aliyenizaa. Akanijibu: “Sema yote, mwanangu, ila jina langu uniachie.” Kwa hiyo jina lake sitalitaja, wala la muuguzi, wala la hospitali. Nitausema mguu wake tu.

Mama mkubwa ni mkulima wa vilima vya juu ya Sake, katika eneo la Masisi. Amelima viazi na maharagi tangu alipoolewa, amezika mume, amelea watoto 6, na sasa analea mjukuu wa miaka 10. Miaka michache kabla vita havijafika kwao, alianza kunywa maji mengi na kuamka usiku kucha kwenda kukojoa. Akakonda. Watu walisema ni mawazo ya ujane. Kituo cha afya kikampima, kikamkuta na ugonjwa wa sukari, ule tunaouita diabete. Akapewa vidonge. Alivimeza alipovipata, akaviacha alipovikosa. Sisi wa familia tulidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini wanaokunywa bia na kula nyama kila siku, tukashangaa umemfuata nini mama wa shamba.

Mwezi wa pili wa 2024, mapigano yalipokaribia Sake, alitoka na mjukuu, godoro moja na sufuria. Vidonge vilibaki juu ya kabati. Wakatembea kuelekea Goma, mwendo wa kilomita kama 25, pamoja na umati ule ambao wengi wenu mlikuwa ndani yake. Alivaa kambambili za plastiki. Ya kushoto ilikatika kamba kabla ya Mugunga, naye akaendelea na mguu mtupu. Mnaijua ardhi ya huko: mawe ya volkano, meusi, yenye meno kama msumeno. Jioni walifika Bulengo, wakalala chini ya bashi ya jamaa, na baadaye wakajenga kibanda chao.

Mimi nilikuwa nakaa mjini, na kambini nilikwenda karibu kila siku kwa kazi, na kinasa sauti changu. Siku ya nne nikampata. Alikuwa ameketi juu ya bidoni, mguu wa kushoto ameufunga kipande cha kitenge. Nikamuuliza kuna nini.

“Jiwe lilinichuna,” akasema. “Hakiumi.”

Akafungua nione. Kilikuwa kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, chini ya kidole gumba, chekundu, hakina usaha. Akakikandamiza kwa kidole cha mkono mbele yangu. Uso wake haukujikunja hata kidogo.

Nami nikafurahi. Jambo hilo ndilo ninalotaka kuliungama kwenu leo. Siku ile nilikuwa nimeona watu waliopigwa na vipande vya bomu, watoto wenye kuhara, mama aliyejifungua njiani. Mtu mwenye kidonda kidogo kisichouma nilimhesabu kati ya wenye bahati. Nikamwachia franga za chumvi na sabuni, nikaenda kurekodi sauti za wengine.

Juma la pili kidonda kilikuwa vile vile. Juma la tatu kilikuwa kimepanuka, kingo zake zimekuwa ngumu na nyeupe kama sugu ya mkono wa mkulima, na katikati pana shimo. Jirani mmoja alitia majivu. Mwingine alileta majani, akayachemsha, akamwambia achovye mguu. Mama mkubwa alichovya, wala hakujua kwamba maji yalikuwa ya kuunguza mpaka mjukuu alipotia mkono wake akapiga kelele. Ngozi ya juu ya mguu ikatoka malengelenge. Hapo maneno yakabadilika. Watu wakasema amekanyaga dawa za watu, kwamba kidonda kisichouma si kidonda cha Mungu. Mzee mmoja akasema anaweza kuiondoa dawa hiyo kwa mbuzi mmoja, kana kwamba kambini kulikuwa na mbuzi.

Kila nilipopita, jibu lilikuwa lile lile: “Hakiumi, mwanangu. Wewe nenda kazini.”

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mjukuu alinipigia kwa simu ya jirani huku akilia. Alipoamka alikuta damu kwenye blanketi, upande wa miguu ya bibi yake. Ncha ya kidole cha pili cha mguu ule ule ilikuwa imetafunwa na panya. Ninyi mliolala kambini mnawajua panya wa chini ya bashi, jinsi wanavyofuata unga usiku. Safari hii panya alikula nyama ya mtu mzima aliye hai, na mtu huyo akalala usingizi wake hadi kulipokucha.

Nilipofika, mama mkubwa hakuwa analia. Alikuwa anautazama mguu wake kama anayetazama mguu wa mtu mwingine.

“Sikumsikia,” akaniambia. “Mwanangu, sikumsikia kabisa.”

Kijana mmoja wa chukudu, aliyekuwa amekwisha kushusha makala yake, alikubali kumbeba. Tulimkalisha juu ya godoro lililokunjwa, mjukuu akaushika mguu usigonge, sisi wengine tukasukuma hadi kituo cha afya.

Muuguzi wa pale hakuanza na kidonda. Alitoboa kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kipimo, kikaandika 386. Akatueleza kwamba mtu ambaye hajala tangu jana, akipimwa asubuhi akakutwa na 126 au zaidi, anahesabiwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Kisha akasema: “Mama, funga macho. Nikikugusa, uniambie ni mguu gani, wa kuume au wa kushoto.” Akaanza kugusa kwa ncha ya kidole chake, bila kusukuma, kama nzi anavyotua: kidole gumba, kidole cha katikati, kidole cha mwisho, mguu mmoja na kisha mwingine. Alimgusa mara 6. Mama mkubwa alijibu mara 1. Zile 5 alikaa kimya, macho amefumba, akingoja kuguswa, na sisi tuliosimama pale tulikuwa tunaona kwamba ameshaguswa.

Wasikilizaji, kipimo kile hakitaki mashine wala umeme. Mwenye sukari asiyehisi mara 2 au zaidi kati ya hizo 6, miguu yake iko hatarini, hata kama haina kidonda. Mnaweza kukifanya leo jioni nyumbani kwenu.

Nawaeleza sasa kama muuguzi alivyotueleza. Sukari ikikaa juu ndani ya damu kwa miaka, inaharibu miguu kwa njia mbili. Kwanza inaharibu neva, zile nyuzi zinazopeleka habari ya maumivu kichwani. Huanzia kwenye vidole vya miguu, kwa sababu neva za huko ndizo ndefu kuliko zote. Mtu huanza kusikia ganzi, au sindano zinazochoma usiku, au huhisi kama anatembea juu ya pamba. Baadaye hasikii kitu, naye hudhani amepona. Pili, mishipa ya damu huwa myembamba na kuziba, na damu inayotakiwa kuponya kidonda haifiki sawasawa. Tena mwili wenye sukari nyingi hauna nguvu ya kupigana na vijidudu. Basi jiwe dogo, msumari, moto wa mbabula au kiatu kinachobana vinafungua ngozi. Hakuna maumivu ya kumwonya mwenyewe. Anaendelea kukanyaga, na uchafu unaingia ndani hadi kwenye mfupa.

Wazee wetu wanaukumbuka ukoma. Mtu wa ukoma aliungua vidole kwenye sufuria kwa sababu havikusikia moto. Paul Brand, daktari aliyewatibu wenye ukoma huko Vellore, India, tangu miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vyao viliharibika hasa kwa kukosa maumivu. Wagonjwa wake nao waliliwa na panya usiku, hata akawa anawapa paka wa kulala nao. Ujuzi huo huo baadaye ulisaidia miguu ya watu wa sukari. Na hapa jirani, Tanzania, daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Kumbe yaliyompata mama mkubwa Bulengo yalikuwa yamewapata wengine mbali, na madaktari walikuwa wameyaandika. Yule mzee wa mbuzi nilimrudia nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama muuguzi anaweza kumgusa vidole na yeye.

Sasa nifike mahali panaponiumiza. Muuguzi aliandika karatasi ya kutupeleka hospitali. Mguu ulikuwa umevimba hadi kifundo na ulianza kunuka. Alisema twende siku ile ile. Mama mkubwa akakataa.

“Hospitalini wanakata miguu,” alisema. “Jirani yangu wa kule Masisi alikwenda na miguu miwili akarudi na mmoja, na Noeli hakuiona. Nami nikirudi kwetu na mguu mmoja, kile kilima nitakipanda na nini?”

Ningeweza kubishana naye. Nilikuwa mtu wa redio, maneno ni kazi yangu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu: kitanda, dawa, upasuaji, chakula cha mlinzi wa mgonjwa. Aliposema hapana, sehemu moja ya moyo wangu ilipumua. Nikamwambia, “Basi tungoje kidogo, mama, tuone.” Tukangoja siku 5. Siku ya tano alikuwa na homa, anaongea maneno yasiyoeleweka, na kidole gumba kimekuwa cheusi. Hatukumuuliza tena.

Hospitalini walimpiga radio. Kwetu picha ya mfupa tunaiita hivyo, na mama mkubwa, katikati ya homa yake, akaniuliza kama atasikika hadi Masisi. Picha ilionyesha mfupa wa kidole gumba umeliwa. Daktari akaweka vidole vyake juu ya mguu, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, akawa anatafuta mapigo ya damu. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoyapata, alipumua. Damu ilikuwa bado inafika.

Alituambia ukweli bila kutukaripia. Tungekuja siku ya muuguzi, huenda wangekata kidole 1, au wasikate kitu. Tungekuja juma lililofuata, wangekata chini ya goti, au tungemzika. Alikata vidole 2, kidole gumba na kile kilicholiwa na panya. Mguu ukabaki. Nikamfikiria yule jirani wa Masisi. Alifika hospitali mguu umekwisha kuoza, na watu wakakumbuka msumeno, wakasahau miezi aliyokaa nyumbani na majani ya kuchemsha. Kilichomuua ni kuchelewa.

Matibabu yenyewe hayakuwa na siri. Sindano za insulini kushusha sukari. Antibiotiki kwenye mshipa. Sindano ya pepopunda. Kila siku wauguzi walisafisha kidonda kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, wakakata nyama iliyokufa na ile sugu ya kingoni, maana usaha hujificha chini ya sugu, kisha wakafunika kwa kitambaa safi kikavu. Hakuna majivu, unga wa betri, tumbaku, dawa ya meno wala mavi ya ng’ombe. Bili tuliilipa kwa kuchanga, kwa kuuza simu yangu nzuri, na kwa deni ambalo nimemaliza kulilipa mwaka huu.

Siku ya kutoka, daktari alisema neno moja ambalo lilitushinda kuliko bili: “Usikanyage.” Kidonda cha chini ya mguu, alisema, kila hatua inakifungua upya, hata ukikifunga kwa dawa ya namna gani. Mguu upumzike kabisa hadi kidonda kifunge, na hiyo ni miezi.

Fikirini neno hilo kambini. Maji yako kwenye bomba, na foleni yake huanza kabla ya jua. Choo kiko mbali, juu ya mawe. Kuni ziko kwenye msitu wa Virunga. Chakula kinapogawiwa, mwenye jeto lazima aonekane mwenyewe. Mama mkubwa alicheka: “Daktari ameniandikia dawa ya mke wa gavana.”

Jioni ile wamama wa safu yao walikuja kumpa pole, wakakaa juu ya mawe nje ya kibanda, na mmoja akauliza amekatazwa nini. Alipowaambia, hawakutoa hotuba. Mmoja alisema atampa bidoni 1 ya maji kila siku. Wawili walisema wakienda kuni watamletea fungu lake. Kijana mmoja alikata magongo mawili ya mti, akafunga mpira wa baiskeli mahali pa kwapa. Mkubwa wa bloku alikwenda kuzungumza na wagawaji, mjukuu akaruhusiwa kupokea kwa jeto ya bibi yake. Na yule kijana wa chukudu akasema Jumanne na Ijumaa huwa anakwenda kuchukua makala akiwa mtupu, basi atampitisha kituo cha afya kwa pansema. Hakudai kitu. Katika miezi ile mama mkubwa alitembea kwa miguu ya watu wengine, na mguu wake mwenyewe ukapata nafasi ya kupona.

Insulini iliyofunguliwa tuliitunza kwa chungu. Unachukua chungu kidogo unakiweka ndani ya kikubwa, katikati unatia mchanga uliolowa maji, juu unafunika kitambaa chenye unyevu, na chupa ya dawa inakaa ndani, imefungwa kwenye mfuko isilowe. Goma ni baridi, lakini chini ya bashi mchana ni kama jiko. Muuguzi alisisitiza pia kwamba ukichoma sindano lazima ule. Siku unga ulipochelewa, mama mkubwa alitetemeka na kutoka jasho, akaanza kuongea ovyo. Mjukuu alikuwa ameshafundishwa: akampa maji yenye sukari, akatulia. Mwenye sukari naye anaweza kuangushwa na sukari iliyoshuka mno, mlijue hilo.

Huyo mjukuu ndiye aliyekuwa macho ya ule mguu. Kila jioni alichukua tochi ya simu na kipande cha kioo, akaangalia juu, chini, kisigino, na kati ya kidole na kidole. Mwezi wa saba kidonda kilifunga. Ilikuwa miezi kama 4.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa 2025 Goma ilishikwa na M23, na mwezi uliofuata kambi za kando ya mji zikavunjwa. Mama mkubwa akafunga tena godoro na sufuria. Safari hii vidonge, kipimo na sindano vilitangulia kuingia kwenye mfuko. Fundi viatu mmoja alikuwa amechora miguu yake juu ya katoni, yeye akiwa amesimama, akamshonea sandali pana za tairi, ndani sponji, ukanda nyuma ya kisigino, bila msumari hata mmoja. Alipanda pikipiki, hakutembea. Nyumba aliikuta haina bati. Shamba limekuwa kichaka. Analima kipande kidogo akiwa ameketi kwenye kigoda, kingine analima mjukuu akitoka shule.

Mwezi wa tano simu ikalia. Mjukuu.

“Baba mdogo, nimeona kitu kwenye mguu wa bibi. Lengelenge, kama punje ya hindi. Ubavuni.”

Nikauliza lile swali la zamani bila kufikiri: “Kinamuuma?”

“Hakimuumi,” akajibu. “Ndiyo maana nimekupigia.”

Siku ile ile wakaenda kituo cha afya. Walikisafisha, wakakifunika, wakasogeza ukanda wa sandali uliokuwa unasugua, na mama mkubwa akakaa chini tena. Baada ya siku 12 kilikuwa kimefunga. Madaktari wanasema kati ya watu 10 waliopona kidonda cha namna hii, kama 4 hukipata tena ndani ya mwaka 1. Kwa hiyo kupona hakumalizi kazi ya kuangalia.

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mko kwenye nyumba za watu, shuleni, kanisani, au mmerudi kwenye vijiji visivyo na dawa. Siwezi kuwaahidi insulini. Yaliyo mikononi mwetu ni haya.

Anayekunywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda apimwe sukari, awe tajiri au mkulima. Mwenye sukari aangaliwe miguu kila jioni, na asiyeweza kuinama au kuona vizuri aangaliwe na mtoto. Asitembee miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu au bote, atie mkono ndani atafute kijiwe. Maji ya kuoga miguu yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine, na miguu isichovywe muda mrefu. Akaushe kati ya vidole. Asiote moto kwa miguu. Sugu asiikate kwa wembe. Unga na chakula vifunikwe usiku, na vyombo vioshwe kabla ya kulala, panya asipate cha kumwita, na miguu ifunikwe vizuri.

Akipata kidonda, hata kidogo, akioshe kwa maji safi na sabuni, akifunike kwa kitambaa safi, aache kukikanyaga, na aende kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Mguu ukivimba, ukiwa mwekundu au wa moto, ukinuka, ukiwa mweusi, au mtu akipata homa, asingoje hata kesho.

Na ninyi majirani, mkiambiwa mtu amekatazwa kukanyaga, mpelekeeni maji. Bidoni 1 inatosha kuanzia.

Kwa wenye familia kama mimi: mzee akikuambia kidonda chake hakiumi, usifurahi, usiende kazini. Vua kile kitambaa, funga macho yake, umguse vidole.

Mama mkubwa anawasalimu. Maharagi yake yameota, na jana aliniuliza kama redio ya mguu wake sasa imesikika hadi Masisi.